Anza na pa kumalizia: namna ya kuandaa maandamano ya amani mjini Unguja

Nimeandaa maandamano mjini Unguja mara kadhaa, mengi ya kupinga udhalilishaji wa wanawake na watoto, na mengine madogo ya mtaani petu, ya taa na maji. Ya kwanza yaliniharibikia. Barabarani tulikwenda vizuri, tumepangika, watu wakatoka madirishani kututazama. Yaliharibika baada ya kufika kiwanjani na hotuba kwisha, kwa sababu sikuwa nimefikiria hata kidogo watu wataondoka vipi. Watu mia tatu wakabaki juani, gari za kuwarejesha wa shamba hazijafika, vijana ambao hawakuwa wetu wakajichanganya, kelele zikaanza, askari wakasogea. Hakuumia mtu, alhamdulillahi. Lakini mtoto wa miaka sita alipotea sokoni Darajani kwa dakika arubaini, na sura ya mama yake siku ile sijaisahau mpaka leo.

Ndiyo maana mwongozo huu unakutaka upange kinyumenyume: kwanza namna kila mtu atakavyofika kwake salama, kisha pa kumalizia, kisha njia, na mwisho kabisa pa kukusanyika. Wengi hufanya kinyume cha hivyo. Wanachagua pa kukusanyika na maneno ya bango, mengine yote wanamwachia Mungu.

Kaa na wazee kabla hujaandika chochote

Kuandamana si jambo geni katika mji huu. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, waligoma kulipa kodi ya viwanja walivyojengea nyumba zao. Mwaka 1948 wachukuzi wa bandarini waligoma, na mgomo ukaenea mji mzima. Mwaka 1951, katika kile tunachokiita Vita vya Ng'ombe, wafugaji wa Kiembe Samaki walikataa ng'ombe wao kuchanjwa; umati uliojaribu kuwakomboa waliohukumiwa ukafyatuliwa risasi na watu wakafa. Na watu wazima wote wanakumbuka Januari 26 na 27, 2001, pale maandamano ya wafuasi wa chama cha upinzani cha CUF ya kupinga uchaguzi wa mwaka 2000 yalipomalizwa kwa risasi, Unguja na Pemba. Zaidi ya watu 30 walikufa, na wengine zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya.

Kwa hiyo mama akimwambia binti yake "huendi", usimwite mwoga. Ana aliyemzika, au anamjua aliyezika. Nenda nyumbani kwake, kaa mkekani, mweleze unaandamana kwa ajili gani, njia ipi, saa ngapi mnamaliza, nani atamrejesha mwanawe. Mimi hutumia wiki nzima kwenye kazi hii peke yake, na sijawahi kuijutia. Wazee wakikuelewa watakuombea dua, na baadhi yao watakuja wenyewe. Bibi wawili watatu wenye mikongojo wakiwa safu ya mbele, msafara wote hutulia.

Hatua ya kwanza: jambo moja, kwa mtu mmoja

Andika dai lako kwa sentensi moja ambayo mtoto wa darasa la tano ataielewa. "Tunataka haki" si dai. Nani akupe, haki ipi, lini? Tuchukue mfano nitakaourudia humu mote: wazazi wa shehia moja ya Ng'ambo, yaani mtaa ulio chini ya sheha mmoja, wanaitaka Manispaa iweke taa katika njia wanazopita watoto wakitoka chuoni, kusoma Kurani, baada ya Isha. Hapo kuna anayedai, anayedaiwa na kitu chenyewe. Ongeza muda: jibu la maandishi ndani ya siku 14. Madai yakizidi mawili, mengine yatazame upya. Mara nyingi yanahitaji barua au mkutano wa shehia, si barabara.

Na uliza kwa moyo safi kama njia nyengine zimejaribiwa. Mmeshakwenda kwa sheha? Mmeandika Manispaa? Mna nakala yenye muhuri? Si kwamba sheria inakulazimisha. Ila siku mtakapoandamana mtu wa kwanza kukuhoji atakuuliza hilo, na aliye na barua tatu zisizojibiwa mkononi huzungumza kwa nguvu kuliko mwenye spika tatu.

Hatua ya pili: pa kumalizia, kisha njia

Kiwanja cha kumalizia kiwe na mambo manne: nafasi, kivuli japo kidogo, milango zaidi ya mmoja ya kutokea, na pahala pa gari kusimama bila kuziba barabara. Viwanja vya Mnazi Mmoja vina karibu yote hayo. Vina sharti lake pia: viko karibu na spitali ya Mnazi Mmoja. Spika zigeuziwe mgongo spitali, na mtu mmoja awe na kazi hiyo moja tu, kuhakikisha njia ya gari la wagonjwa haikanyagwi. Kibandamaiti ni pazuri kwa watu wengi, ila watu wamepazoea kwa mikutano ya vyama, na jambo lako linaweza kuvaa kanzu ya chama bila wewe kutaka. Kiwanja kiulizie mapema Manispaa, uandikiwe.

Njia ninayoipenda kwa watu mia mbili hadi mia tano ni kutoka Kisonge, kushuka Michenzani baina ya majumba yale marefu, kuikamata Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wengi bado tunaiita Creek Road, na kwenda nayo mpaka Mnazi Mmoja. Haifiki kilomita mbili. Ni pana, mnaonekana, na kila pahala pana upenyo wa kutokea mtu akichoka. Pagumu ni karibu na Darajani: mikokoteni, wachuuzi, watu wa sokoni, gari zinazoingia na kutoka. Hapo ndipo yule mtoto alipotupotea. Pita Darajani kabla ya saa 3 asubuhi au usipite kabisa.

Usiuingize msafara Mji Mkongwe. Najua picha zake zinapendeza. Lakini vichochoro vile upana wake ni wa watu wawili watatu. Mtu mmoja akianguka au akapiga ukelele, walio nyuma hawaoni kitu na wanaendelea kusukuma. Ukitaka kufika Forodhani, zunguka kwa barabara kubwa.

Kisha itembee njia yote kwa miguu, siku ileile ya wiki na saa ileile, na kijitabu mkononi. Andika mashimo, mitaro iliyo wazi, ujenzi, misikiti, spitali, skuli, bomba la maji, duka ambalo mwenyewe atakubali watu waombe choo. Piga na hesabu ya urefu, kwa sababu watu huisahau. Watu 300 wakitembea sita sita ni safu 50. Kila safu ikichukua mita moja na nusu, msafara una urefu wa mita 75. Kwa mwendo wa bibi mwenye mkongojo, kiasi cha mita 40 kwa dakika, mnahitaji karibu dakika mbili kuvuka makutano moja. Hiyo ndiyo namba utakayompa trafiki, naye atakuheshimu kwa kuwa nayo.

Ukiwa Pemba mambo hubadilika kidogo. Chake Chake imejengwa vilimani, barabara ya katikati ya mji ni nyembamba na gari zote hupita humo humo, basi anzeni Gombani mapema na mmalizie Tibirinzi bila kusimama mjini. Wete barabara kuu inateremka kuelekea bandarini, na watu wakiteremka huharakisha bila kujijua. Weka mbele watu wazito wa mguu. Na kule kumbukumbu ya 2001 iko karibu zaidi na ngozi. Ile wiki ya kukaa na wazee ifanye mbili.

Hatua ya tatu: siku na saa

Jumamosi, saa 2 kamili asubuhi. Ijumaa hapana, Ramadhani hapana, masika hapana. Epuka wiki ya Januari 12, sikukuu ya Mapinduzi, na siku yoyote ambayo msafara wa viongozi unatarajiwa, kwa sababu hata kama hakuna anayekukataza barabara zitafungwa. Muwe mmeshatawanyika muda mrefu kabla ya Adhuhuri. Jua la saa 5 wakati wa kaskazi linaangusha watu wazima, na mtu mwenye kiu na hasira si mwandamanaji tena.

Hatua ya nne: barua kwa polisi

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapochanganya mambo.

Katiba ya Zanzibar ya 1984 inalinda uhuru wa maoni katika kifungu cha 18 na uhuru wa kujumuika katika kifungu cha 20. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 inafanya hivyo katika ibara za 18 na 20 vilevile, jambo linalorahisisha kukumbuka. Polisi ni jambo la Muungano, kwa hiyo utaratibu wa maandamano unatoka katika Sheria ya Jeshi la Polisi, Sura ya 322, kifungu cha 43. Kinasema anayetaka kuandaa mkusanyiko au maandamano pahala pa umma ampe mkuu wa polisi wa eneo taarifa ya maandishi si chini ya saa 48 kabla, aeleze pahala, wakati na madhumuni.

Neno ni taarifa. Zamani lilikuwa kibali. Lilibadilika baada ya kesi aliyoifungua Mchungaji Christopher Mtikila, ambapo mwaka 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, aliamua kwamba kumlazimisha mwananchi kuomba kibali kunaifanya haki ya kikatiba iwe kitu cha kupewa na askari. Kwa hiyo barua yako isiandike "naomba ruhusa". Iandike "natoa taarifa". Si jeuri, ndivyo sheria ilivyo. Ukiomba ruhusa unamfungulia mtu mlango wa kukaa kimya, na kimya chake utakisoma kama kukataliwa.

Polisi wanaweza kuzuia, lakini kwa sababu zilizotajwa: kwamba yaelekea yatavunja amani, yatahatarisha usalama wa watu, au yatatumika kwa jambo lisilo halali. Wakizuia, omba amri hiyo kwa maandishi na sababu zake. Sheria inakupa nafasi ya kukata rufaa kwa Waziri. Wakati huo huo usiandamane. Nimeona watu wakibishana kituoni kwamba amri ni mbaya, na huenda ilikuwa mbaya kweli, kisha wakaingia barabarani na kuwatia mashakani wamama waliowaamini. Ukishawaita watu, usalama wao uko shingoni kwako. Chagua siku nyengine, rekebisha njia, peleka barua mpya.

Saa 48 ni kiwango cha chini. Mimi hupeleka siku kumi kabla, ili wakitaka njia ibadilishwe pawe na muda. Nakala mbili: moja wanabaki nayo, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, tarehe, saa na saini. Usiondoke bila hiyo. Ukiambiwa mwenye muhuri hayupo, sema "hapana tabu afande, nitamsubiri", na kaa kitako. Nakala nyengine zipeleke kwa sheha, Mkuu wa Wilaya na Manispaa. Hazilazimiki na kifungu hicho, ila mtaani kwetu jambo ambalo sheha hakulijua huwa na maneno mengi baadaye.

Barua iwe fupi, kiasi hiki:

Kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya ya Mjini,
Mkoa wa Mjini Magharibi, Unguja.

YAH: TAARIFA YA MAANDAMANO YA AMANI

Kwa niaba ya kamati ya wazazi wa shehia ya ………, natoa taarifa kwamba siku ya Jumamosi, tarehe ………, tutafanya maandamano ya amani. Madhumuni ni kuitaka Manispaa iweke taa katika njia wanazopita watoto wakitoka chuoni usiku.

Tutakusanyika Kisonge saa 1:30 asubuhi na kuondoka saa 2:00. Tutapita Michenzani na Barabara ya Benjamin Mkapa hadi viwanja vya Mnazi Mmoja, ambako tutawasili kabla ya saa 3:00. Hotuba zitamalizika saa 3:30, na watu watakuwa wametawanyika ifikapo saa 4:15.

Tunatarajia watu wapatao 300. Kutakuwa na gari moja la sauti, na wasimamizi 15 waliovaa vizibao vya rangi ya chungwa. Tunaomba askari wa usalama barabarani katika makutano yote ya njia hii. Msafara utahitaji kiasi cha dakika mbili kuvuka kila moja.

Wa kuwasiliana naye ni ………, simu ……….

Saini na tarehe.

Hesabu ya watu isiwe ya kujitukuza. Ukiandika 2,000 wakaja 300, umejivunjia heshima. Ukiandika 100 wakaja 900, umewapa sababu ya kukusimamisha. Baada ya kupeleka, omba kukutana na afande atakayesimamia siku hiyo. Mpe ramani, mjue kwa jina, mpe namba yako. Asubuhi ya maandamano namba yake ndiyo utakayoitaka kuliko zote.

Hatua ya tano: wasimamizi

Mtu mmoja kwa kila watu 20. Usichukue wenye misuli wala wenye maneno. Chukua wanaojua kuzungumza na mtu aliyekasirika. Walimu wa skuli na wa chuo ni wazuri sana, na wamama wanaouza maandazi asubuhi hawana mfano, kwa sababu mtaa mzima unawajua na hakuna kijana atakayewainulia sauti.

Kaa nao mara mbili kabla ya siku, na mara moja kati ya hizo iwe barabarani kwenyewe. Kila mmoja awe na pahala pake. Wawili mbele, wanaoshika mwendo, hawageuki kupiga picha. Wanne kila ubavu, wakitembea baina ya watu na gari. Watatu mkiani, na hawa ni muhimu kuliko wa mbele, kwa sababu mkia ukikatika hakuna anayejua: mbele watu wanaimba, nyuma bibi amekaa juu ya jiwe. Mmoja wa njia ya wagonjwa niliyemtaja. Mmoja wa watoto. Gari la sauti liwe katikati ya msafara na liende kwa mwendo wa watu. Likitangulia, wa mbele hulikimbilia na msafara unakatika vipande viwili.

Wafundishe mambo matatu na yasizidi. Kwanza, anayeleta fujo hashikwi wala hapigwi. Wasimamizi wawili humsogelea, mmoja humtaja kwa jina kama anamjua, humtoa pembeni kwa mazungumzo, msafara unaendelea. Pili, amri ya kusimama au kugeuka inatoka kwa mtu mmoja tu. Kama si wewe, basi nani, waambie. Tatu, hakuna msimamizi anayebishana na askari. Anasema "subiri afande, namwita kiongozi wetu", na anakuita.

Muwe na ishara ya mkono, kwa sababu simu hukosa mtandao pakiwa na watu wengi. Sisi hutumia kitambaa cheupe kikiinuliwa: simameni mlipo, kaeni chini. Watu waliokaa chini hawakimbii, na wasiokimbia hawakanyagani.

Mabango, kanga na sauti

Hapa hamhitaji mengi. Nguo ya marekani mita tano, rangi nyeusi, herufi za urefu wa kiganja: hiyo inasomeka kutoka upande wa pili wa barabara. Vibao vidogo viwe vya boksi bila vijiti vizito, maana kijiti kikubwa mkononi mwa kijana mwenye hasira hubadilika jina. Wamama wakivaa kanga moja, yenye jina lililochaguliwa kwa makusudi, mji mzima utaisoma. Kwetu kanga imesema mambo ambayo mdomo haukuthubutu tangu zama za bibi zetu. Bendera za vyama ziachwe nyumbani kama jambo si la chama, na mtu akija nayo aombwe kwa adabu aikunje.

Maneno ya kuitikiana yawe mafupi na yafanyiwe mazoezi. Mmoja anaita "Taa njiani!", wengine wanaitikia "Watoto nyumbani!" Mkiwapata vijana wa beni, nusu ya kazi ya kushika mwendo imekwisha. Mkipita mbele ya msikiti au pahala pana msiba, sauti zote zizimwe. Msisubiri kuambiwa.

Siku tatu za mwisho

Thibitisha gari za kurudi, kwa malipo ya awali, na andika namba ya kila dereva. Hili ndilo kosa langu la mwanzo, basi nalirudia: gari za kurudi ni muhimu kuliko za kuja. Mtu atapata njia ya kuja mwenyewe.

Maji: nusu lita kwa kila mtu. Watu 300 ni lita 150, madumu manane ya lita 20 kwa kujihakikishia, na vikombe. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Zanzibar tangu 2006, kwa hiyo usije na maji ya vifuko. Chukua viroba vya taka na vijana sita wa kuokota nyuma ya msafara. Barabara iliyoachwa safi hunyamazisha maneno mengi.

Watoto: kila watano na mtu mzima mmoja, aliye na majina yao. Namba ya simu ya mzazi iandikwe kwenye kikaratasi kiwekwe mfukoni mwa mtoto, isiandikwe kifuani ambako mtu yeyote ataisoma. Waambie wote, wakubwa na wadogo, pa kukutana mtu akipotea: mlango mmoja wa Kisonge na mti mmoja wa Mnazi Mmoja, wenye msimamizi aliyesimama hapo mpaka mwisho.

Kuhusu picha nina msimamo mkali. Katika maandamano ya kupinga udhalilishaji kuna wanaotembea ambao jambo lenyewe limewafika. Hakuna anayepiga picha ya sura ya mtoto, na hakuna anayemtaka mama asimulie yaliyompata mbele ya kamera. Waambie waandishi mapema, na wape watu wawili walioandaliwa kusema. Wengi wa waandishi wetu wanaelewa ukiwaambia. Wasioelewa wataelezwa na wasimamizi.

Asubuhi yenyewe

Mfike Kisonge saa 12 na nusu. Mpigie afande, mwambie mpo. Wapangeni watu sita sita huku wakija, msisubiri wajae. Kabla ya kuondoka, soma dua, kisha soma mambo manne kwa kipaza sauti: dai letu, njia yetu, ishara ya kitambaa, na gari za kurudi ziko wapi. Ondokeni saa 2 hata kama hawajafika wote. Wanaochelewa watawakuta, waliowahi wakisubirishwa hupotea mmoja mmoja.

Kiwanjani hotuba zisizidi tatu, dakika nane kila moja. Ya kwanza ni ya mzazi, si ya kiongozi. Barua ya madai ikabidhiwe mbele ya watu kwa aliyeletwa na Manispaa kuipokea, na asaini nakala yenu. Asipokuja, tangaza kwamba watu watatu wataipeleka ofisini Jumatatu asubuhi, na waoneshe watu hao watatu ni nani. Msiuondoe msafara kiwanjani kumfuata ofisini kwake. Njia mliyoitolea taarifa ndiyo njia yenu.

Mambo yakienda kombo

Askari wakiamuru mtawanyike, mtawanyike. Sheria inawapa uwezo huo, na mkusanyiko unaokaidi amri hiyo unageuka kuwa si halali, hata kama asubuhi ulikuwa halali kabisa. Kitambaa juu, kaeni, tangaza kwa sauti ya chini: tunaondoka safu kwa safu, kuanzia mkiani, wazee na watoto kwanza. Malalamiko yaandikwe jioni.

Mabomu ya machozi yakipigwa, ondokeni kwenye moshi mkielekea upepo unakotoka. Msisugue macho. Osheni kwa maji safi mengi. Mwenye pumu atolewe wa kwanza na apelekwe spitali. Nguo zilizoingia moshi zivuliwe nyumbani na zifuliwe peke yake.

Mtu akikamatwa asishindane nguvu, wala wenzake wasimvute. Aseme jina lake kwa sauti ili walio karibu walisikie, aulize anapelekwa kituo gani na kwa kosa gani, na asitie saini karatasi asiyoielewa. Nje abaki mtu mwenye orodha, ambaye hakuandamana kabisa na simu yake ina chaji. Yeye ndiye anayemwita wakili au msaidizi wa sheria. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kipo tangu 1992, na shehia nyingi zina wasaidizi wa sheria. Watafute wiki mbili kabla, si usiku wa kukamatwa.

Kutawanyika

Saa 3:30 hotuba zimekwisha. Usiwaambie watu "asanteni, kwaherini" halafu ukashuka jukwaani. Watoe kwa makundi: kwanza wa gari za shamba, kila gari kwa jina la kijiji, msimamizi akiwapeleka mpaka mlangoni na kuwahesabu. Kisha wenye watoto. Kisha wa mjini, kwa milango miwili tofauti, ili wasirudi Darajani kwa mkupuo. Vijana wako wawe wa mwisho, na uwape kazi, maana kijana asiye na kazi baada ya maandamano hutafuta maandamano mengine: kuokota taka, kukunja marekani, kubeba madumu. Gari la sauti lizimwe mara tu hotuba zinapokwisha. Muziki huwashikilia watu.

Wasimamizi hawaondoki mpaka umewaita wote 15 kwa majina. Mpigie afande umwambie kiwanja kiko tupu. Halafu kaa na simu. Kila gari likifika, dereva anakupigia. Kila mwenye kundi la watoto anakutumia ujumbe. Mimi hukaa na daftari barazani, pembeni kikombe cha chai, nikipiga alama mbele ya kila jina, na huwa naanza na majina ya watoto.

Jumatatu, barua yenye saini inapigwa nakala tano: moja kwa sheha, moja kwa kila mmoja wa wajumbe watatu wa kamati waliopewa kuifuatilia, na moja inabaki nyumbani kwako. Siku ya 14 ikifika bila jibu, watu wale watatu wanakwenda Manispaa na nakala hiyo mkononi, saa 2 asubuhi.